Kazimoto: nafsi ilimsuta au supaego ilimshinda? Tujadiliane

Mwalimu wa Kihesa (Iringa)

Kamwene wakuu. Mpwa wangu anasoma fasihi kwenye chuo kimoja cha huku Nyanda za Juu, sikitaji jina. Juzi amekuja kwangu na insha iliyojaa wino mwekundu. Swali lilimtaka amchambue Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), kwa nadharia ya Freud, yule tabibu wa akili wa Vienna. Kijana kaandika: "Nafsi inamsuta Kazimoto kwa kisasi ambacho hajakilipa." Sentensi imepigwa mstari, pembeni pakaandikwa: "Hii si istilahi. Andika supaego." (Yaani yule hakimu wa ndani katika nadharia ya Freud.) Kapata 11 kwa 20.

Kwa ambao hamjaisoma: Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, anasimulia habari zake mwenyewe. Manase, waliyekua pamoja, kampa mimba Rukia, mdogo wake Kazimoto. Kazimoto anapania kulipiza kwa Sabina, dada yake Manase. Kisasi kinamgeukia, anampenda, anamwoa. Mwishoni anajiua.

Sasa ugomvi wangu. Freud alipoigawa nafsi ya mtu mafungu matatu katika kitabu chake cha 1923, hakutafuta maneno ya kutisha. Aliandika Kijerumani cha kila siku: Es, Ich, Über-Ich. Yaani "ile" (fungu la tamaa), "mimi", na "mimi wa juu" (yule hakimu). Hizi idi, ego na supaego, kwa mfuatano huohuo, ni Kilatini kilichobandikwa na waliomtafsiri kwa Kiingereza. Mwenyewe katumia maneno ya jikoni, halafu mtoto wa watu anaadhibiwa kwa kufanya vilevile!

Na neno alilochagua si dogo. Nimeishi Tanga miaka sita kabla ya kuhamishiwa huku, nimeona mtu anasutwa. Wanawake wamevaa kanga sare, wanakuja na ngoma mpaka kizingitini. Mmoja anauliza, "Ulisema hukusema?" Wenzake wanaitikia, majirani wamejaa dirishani, na yule wa ndani hana pa kutokea. Mtu akikwambia nafsi inamsuta, maana yake msafara ule wote, na ngoma yake, umehamia kifuani. Nionyesheni supaego inayosema hivyo.

Kalamu Nyekundu

Mwalimu, shikamoo. Mimi nasahihisha insha za namna hiyo (si hiyo, usinitafute), na namtetea mwenzangu.

Tamu ya neno sikatai. Shida ni kwamba nafsi ni neno lenye vyumba vingi. Waliosoma madrasa wanajua zipo tatu katika Qur'ani: nafsi ammara, inayoamrisha maovu, nafsi lawwama, inayojilaumu, na nafsi mutmainna, iliyotulia. Tazama hizo mbili za mwanzo. Ya kwanza inakaribiana na "ile" ya Freud, ya pili na "mimi wa juu". Kijana akiandika "nafsi" tupu, nitajuaje anamzungumzia mshtaki au mshtakiwa? Tukisema "kafuata matakwa ya nafsi" tunamaanisha tamaa. Tukisema "nafsi yamsuta" tunamaanisha hakimu. Nadharia nzima imesimama juu ya kuwatenganisha hao wawili, na yeye kawaweka kitanda kimoja.

Mchoma Mahindi Uyole

Mkwawa alijipiga risasi 1898 asikamatwe na Wajerumani. Fuvu lake limerudi 1954, liko Kalenga hapo. Mbona yeye hamumpeleki kwa Freud? Au mpaka mtu awe amesoma chuo kikuu?

Kalamu Nyekundu

Mkwawa ni historia, ndugu. Tena alikuwa na adui wa kweli nyuma yake, mwenye bunduki.

Mjukuu wa Rungwe

Huyo wa Uyole anachekesha lakini kagusa penyewe. Mkwawa adui yake alikuwa nje. Wa Kazimoto yuko wapi?

Kwetu Wanyakyusa zamani hakimu hakukaa kifuani. Alikaa kijijini. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, ameandika juu ya kitu wanachokiita pumzi ya watu. Mtu akikosa, labda kawatukana wazazi au kala nyama ya matanga bila kuwaita jirani, wale jirani wananung'unika. Manung'uniko yao yanamshukia kama baridi. Anaumwa yeye au mwanawe. Bibi yangu alikuwa akituonyesha nyumba ya mzee mmoja ng'ambo ya migomba: alitetemeka mwezi mzima wakati wa jua, mpaka alipochinja, akawaita, wakala, wakasema yote waliyokuwa nayo moyoni. Akaamka. (Bibi aliongeza kwamba nyama yenyewe ilikuwa ngumu.)

Ninachotaka kusema ni kwamba ugonjwa ule ulikuwa na mlango wa kutokea. Unawajua wanaokusema, unawaita, wanakula. Kazimoto kasoma mpaka imani za wazee kazitema, Mungu naye kamtilia shaka. Ila hakimu hakuondoka, kaingia ndani akafunga mlango. Utamchinjia ng'ombe nani? Kwa hiyo Freud anafaa kwa Kazimoto, na hafai kwa yule mzee wa ng'ambo ya migomba. Nadharia ile ilizaliwa Vienna kwa watu ambao hakimu wao alikwisha hamia ndani. Tusiipake kila mhusika kama mafuta ya mgando.

Ndaga fijo (asanteni sana) kwa mada.

Msomaji wa Mafinga

Mimi ni mpinzani wa wote. Freud alikuwa tabibu. Mgonjwa alilala kwenye kochi akasema chochote kilichomjia, na tabibu aliweza kumuuliza tena kesho. Kazimoto utamuuliza nini? Hana utoto zaidi ya ule ulioandikwa. Ukurasa ukiisha, na yeye kaisha.

Hata hivyo Freud mwenyewe aliivunja sheria hiyo. Katika kitabu chake cha ndoto cha 1900 alimchambua Hamlet wa Shakespeare: kwa nini kijana anachelewa kumuua aliyemuua baba yake? Jibu lake: hawezi kumwadhibu mtu aliyetenda kile ambacho yeye mwenyewe alikitamani utotoni. Sikubaliani na habari ya utoto, lakini nilipoirudia Kichwamaji wiki hii nikaona kitu. Alichopanga Kazimoto kumfanyia Sabina ndicho hasa Manase alichomfanyia Rukia. Mlipiza kisasi na mkosaji wana mpango mmoja. Sasa akimhukumu Manase, hukumu inaangukia wapi?

Hiyo sikuihitaji supaego kuiona. Nilihitaji kusoma polepole.

Mwalimu wa Kihesa

Mafinga, umenisaidia kuliko ulivyotaka. Kama ndivyo, basi sentensi ya mpwa wangu imekosea mahali ambapo hata msahihishaji hakupaona. Nafsi haimsuti kwa kisasi ambacho hajakilipa. Inamsuta kwa kisasi alichokipanga. Nimempigia simu nikamsomea, akanyamaza, halafu akasema, "Mjomba, hiyo ni insha nyingine kabisa."

Kalamu, na kwako nakubali nusu. Vyumba vya nafsi ni vingi, kweli. Ila dawa ya nyumba yenye vyumba vingi ni kutaja chumba, si kuhamia hotelini. Akiandika "nafsi lawwama inamsuta Kazimoto kwa mpango wake mwenyewe", akafafanua kwa mstari mmoja kwamba ndiye mimi wa juu wa Freud, utampa ngapi?

Kalamu Nyekundu

15.

Mwalimu wa Kihesa

Kwa nini si 17?

Kalamu Nyekundu

Namfahamu mjomba wake sasa. Nitajuaje ipi kaandika nani?