Tupeane uzoefu: ulipokuwa kijana ulijiona mgeni, nini kilikutoa huko?

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Nina mpwa wangu wa miaka 14. Katoka Ukerewe Januari kuja kuanza kidato cha kwanza hapa mjini Mwanza, yuko kwangu Nyegezi. Huyu mtoto alikuwa mwongeaji hadi anafukuzwa akalale. Sasa nikimuuliza habari za shule, "nzuri mjomba", basi. Juzi nimemsikia bafuni akirudiarudia maneno peke yake, anajirekebisha lafudhi. Kumbe darasani wanamcheka. Iliniuma sana.

Nami nilivuka kwa meli ya Nansio mwaka 1998, kama saa tatu majini na sanduku la bati. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, sekondari kila kitu Kiingereza, na hicho Kiswahili changu chenyewe kilikuwa na Kikerewe ndani. Nilinyamaza karibu mwaka mzima. Kilichonitoa ni goli la shule. Nyavu zilikuwa zimechanika, nikaomba uzi na sindano, nikaziunga kama tunavyounga za baba. Wenzangu walizunguka kutazama, nikajikuta naongea. Lakini mpwa wangu hapendi mpira. Nyie mlifanyaje?

—

Kaka, pole. Mimi ni wa Kirumba, mama aliuza dagaa Mwaloni, soko la samaki. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haziwavuti, wavuvi wanapumzika. Basi darasani hakuna aliyeujua mwezi kama mimi, maana siku za giza ndizo siku nilizonuka. Alfajiri nilikuwa namsaidia mama kuanika, kisha naenda shule. Sketi nilifua kila jioni, nikaivaa mbichi asubuhi, na bado msichana niliyekaa naye alisogeza dawati lake. Sauti ya ule mguu wa dawati kwenye sakafu naisikia hadi leo.

Kidato cha tatu mwalimu wa jiografia akafika kwenye uvuvi. Akauliza kwa nini bei ya dagaa inapanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja. Kimya. Nikanyoosha mkono, nikaeleza taa, giza, mvua inavyoozesha dagaa mchangani, wachuuzi wanavyosubiri. Niliongea hadi kengele ikalia. Yule msichana hakuniomba radhi, wala hatukuwa marafiki. Ila kesho yake dawati halikusogezwa.

Mwalimu yule hakunitetea kwa maneno. Aliuliza jambo ninalolijua, nadhani kwa makusudi. Walimu mnaosoma hapa, fanyeni hivyo.

—

Mimi sikutoka. Wazazi walinihamisha shule, na nawashukuru. Mchunguze kama hapigwi au kunyang'anywa nauli. Hilo si la kuvumilia.

—

Sisi ni Wapare, baba alihamishiwa Kisesa nikiwa na miaka 15. Mtaani Kisukuma kitupu, wakicheka nahisi wananicheka mimi. Bibi jirani ndiye aliyenifundisha kuitikia "mwangaluka", salamu yao ya asubuhi, na kila asubuhi alinisubiri mlangoni niseme. Ikaja sikukuu ya Bulabo pale Bujora, ngoma za Bagika na Bagalu, pande mbili za wachezaji wa Kisukuma, zinashindana. Vijana wakaniuliza, wewe upande gani? Nikasema Bagika, kwa sababu bibi alikuwa Mgika. Wakanivuta kwao, nikapiga makofi hadi viganja vikavimba. Kisukuma sijakijua vizuri mpaka leo, lakini baada ya siku ile sikuogopa tena kukiboronga.

—

Asanteni sana, wote. Jana usiku nimemsomea mpwa wangu. Alisikiliza kimya mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja tu: yule dada wa Mwaloni, dawati lilisogezwa kwa muda gani kabla hajamwambia mtu? Nikaelewa na lake linasogezwa. Jumatatu naenda kumwona mwalimu wa darasa. Dada, nijibu swali lake, anasubiri.