Montepulciano ni zabibu au ni mji? Nimeumbuka mezani

Mhudumu Mpya
Wakuu, heshima zenu. Hii ni wiki yangu ya tatu nahudumu kwenye mgahawa hapa Bologna. Juzi aliingia mzee mmoja na mkewe, akaagiza "Montepulciano". Nikashuka stoo, nikakuta chupa imeandikwa Vino Nobile di Montepulciano, nikapanda nayo, nikaifungua kwa mbwembwe zote. Mzee akaonja, akaguna, akaigeuza chupa asome. Kumbe alitaka Montepulciano d'Abruzzo, ile ya euro 16. Mimi nimemfungulia ya euro 42. Bosi hakunifokea, ila alinitazama mpaka nikatamani anifokee tu yaishe.

Naomba msaada: majina ya mvinyo wa Italia yanasomwaje? Kila mkoa una yake, na mengine yanafanana kama mapacha kumbe hayana hata undugu. Nianzie wapi?

Dada wa Langhe
Pole mdogo wangu. Hapo wameteleza wengi, na Waitaliano wenyewe wamo. Mimi nimevuna zabibu misimu tisa huku Piemonte, kwenye vilima vya Langhe, na msimu wa kwanza nilidhani Dolcetto ni mvinyo mtamu kwa sababu ya jina (dolce ni "tamu"). Kumbe mkavu kabisa, hauna utamu wa sukari.

Jina lako hilo lina wenyewe wawili. Mkoani Abruzzo, Montepulciano ni zabibu. Mkoani Toscana, Montepulciano ni mji ulio juu ya kilima, na Vino Nobile wake hutokana na zabibu ya Sangiovese, walau asilimia 70. Kwa hiyo ukishika chupa jiulize kwanza: hili ni jina la zabibu au la mahali? Barbera d'Alba: mbele zabibu, nyuma mahali. Barolo, Chianti, Taurasi: hapo umetajiwa mahali tu, zabibu uijue mwenyewe. Barolo ni Nebbiolo tupu, Chianti msingi wake Sangiovese, Taurasi Aglianico. Halafu kuna mtego wa Nero d'Avola: Avola ni mji wa Sicilia, lakini jina lote zima ni la zabibu.

Na majina huhama. Prosecco lilikuwa jina la zabibu mpaka 2009, wakalifanya la mahali, maana kuna kijiji cha Prosecco karibu na Trieste. Zabibu yenyewe siku hizi inaitwa Glera. Walikuwa na akili: jina la zabibu hata mtu wa bara jingine anaweza kuliandika kwenye chupa yake, la mahali linalindwa.

Kuhusu tofauti za mikoa, usianze na ramani nzima, utachoka. Kilima kimoja kinatosha. Hapa kwetu Septemba tunaanza na Dolcetto, ambayo imepandwa juu kwenye ubaridi. Inafuata Barbera. Nebbiolo tunaisubiri mpaka Oktoba, nayo imepewa mteremko bora unaotazama kusini, pale ambapo wazee wanasema theluji huyeyuka kwanza. Asubuhi unafika bonde lote limezama kwenye ukungu (nebbia, na wengi wanasema ndiko jina lilikotoka). Vidole vinanata sukari mpaka mkasi unagoma kuachia. Kichala ni kirefu, kina kipande kimechomoza pembeni kama bega. Tafuna punje moja pamoja na ganda na kokwa zake: ulimi unakauka kwa ukakasi kama umeuma ndizi mbichi. Ukakasi huo ndio unaofanya Barolo lisubiriwe miezi 38 tangu mavuno, 18 kati yake kwenye pipa, kabla ya kuuzwa. Rangi yake ni hafifu, mgeni hudhani umetiwa maji. Asidanganyike.

Mpanda Etna
Dada, usimlishe kijana Piemonte peke yake! Nimefanya kazi Sicilia, upande wa kaskazini wa Etna, kuelekea Randazzo. Udongo mweusi wa volkano, viatu vinakuwa kama vya fundi makaa. Zabibu ni Nerello Mascalese, na baadhi ya mashamba yanakaribia mita 1,000 juu ya bahari. Watu wanadhani kusini ni joto, basi mvinyo lazima uwe mzito. Sisi tulivuna Oktoba sawa na nyie mlioko karibu na Alpi, na mvinyo ulitoka mwepesi, mchachu kidogo, wa rangi hafifu. Akitaka mzito wa kusini ampe mteja Primitivo ya Puglia.

Asiye na Presha
Mnamchosha mtoto wa watu. Si aangalie tu kama kuna DOCG, lile daraja la juu la mvinyo wa Italia, kwenye chupa? Hiyo ndiyo bora, basi.

Dada wa Langhe
Kaka yangu, hapana. Ule utepe wa DOCG shingoni mwa chupa unakuambia kanuni za mahali zimefuatwa: zabibu gani, ilimwe wapi, ikae muda gani. Utamu wa mdomoni haujakuapia. Sassicaia ya Toscana iliuzwa miaka mingi kwa daraja la chini kabisa, mvinyo wa mezani, kwa kuwa zabibu yake, Cabernet, haikuwa kwenye kanuni za pale. Waliokuwa wanainywa hawakulalamika.

Nami niseme ukweli, nimeonja Barolo la utepe halali lililonifanya nitafute maji.

Mhudumu Mpya
Nawashukuru sana. Jana nimejaribu. Mama mmoja kaagiza Vernaccia, nami badala ya kukimbilia stoo nikauliza, "Ya wapi, bibi?" Akacheka, akasema ya San Gimignano, nyeupe. Ila mwenzangu jikoni ananiambia Vernaccia ya kwao Marche ni nyekundu na ina povu. Ananitania?

Dada wa Langhe
Hakutanii. Hiyo ni ya Serrapetrona, na sehemu ya zabibu zake hukaushwa kwanza. Iko na ya tatu, ya Oristano kule Sardegna, nyeupe inayozeeshwa kwenye pipa lisilojazwa mpaka juu. Zabibu tatu tofauti, jina moja. Mwambie huyo wa jikoni akirudi likizo akuletee chupa.

Mhudumu Mpya
Nimemwambia. Anasema niilipie kwanza.