Sardinia, Mallorca au Corsica: njia ipi ya pwani kwa baiskeli ya mbio?

PedaliMbili
Wakuu, naomba ulinganisho wa njia tatu za visiwa vya Mediterania kwa mwezi wa 5: Alghero hadi Bosa (Sardinia), barabara ya Ma-10 ya Mallorca pamoja na mteremko wa Sa Calobra, na mzunguko wa rasi ya Cap Corse (Corsica) kutokea Bastia. Siku ni mbili, baiskeli ya kukodi, mwendeshaji ana kilo 75 na mazoezi ya kawaida. Kinachotafutwa ni kuiona bahari, milima si lengo. Ipi inafaa, na ianziwe upande gani?

Mwambao
Hilo la upande ndilo zito, mkuu. Huko kote wanaendesha kulia, kwa hiyo bahari iwe mkono wako wa kulia: hakuna gari kati yako na mandhari, na ukitaka kusimama huvuki barabara. Maana yake unakizunguka kisiwa kinyume cha saa. Alghero kushuka Bosa, Pollença kuelekea Andratx, na Bastia kupanda kaskazini kwanza.

Mimi naiweka Alghero–Bosa mbele. Ni kilomita 46 hivi, na maestrale, upepo unaotawala huko, hutoka kaskazini-magharibi, kwa hiyo mara nyingi unakusukuma. Ukigeuza safari, upepo huo huo unakukaba kifuani na bahari inabaki ng'ambo ya barabara. Kasoro ni kwamba njiani hakuna kijiji wala duka. Toka Alghero na chupa mbili za ml 750 zilizojaa, tyubu mbili, viraka na pampu. Barabara inapanda hadi mita 300 na kitu, na huko juu tumbusi wakubwa huelea kandokando ya miamba, mabawa wazi bila kupiga.

FundiSpoku
Sa Calobra ni kilomita 9.5, mwinuko wa wastani wa 7%, na njia ya kurudi ni ile ile uliyoshukia. Karibu na juu barabara inajizungusha na kupita chini yake yenyewe. Wenyeji wanapaita Fundo la Tai, ile ya shingoni. Kodi baiskeli yenye gia nyepesi ya meno 34 mbele na 32 nyuma. Ukipewa 36 kwa 28, magoti yatalia.

Kwenye mteremko usishikilie breki mfululizo. Breki zinazobana rimu (ringi ya gurudumu) ukizibana muda wote, rimu inapata moto, hewa inatanuka na tyubu inaweza kupasuka. Rimu ya kaboni huweza kuharibika kabisa. Bana sana kabla ya kona, achia, pinda, kisha bana tena. Uwe umeshafika chini kabla ya saa nne asubuhi, maana basi la watalii likipinda linachukua kona nzima.

Ila kwa lengo lako, jua kwamba Ma-10 kati ya Pollença na Sóller imejificha milimani. Bahari utaishiba kipande cha Banyalbufar na Estellencs.

BintiKilindini
Cap Corse inapita kilomita 100, ni siku nzima. Upande wa mashariki ni mwepesi. Upande wa magharibi, baada ya kijiji cha Pino, barabara inaning'inia juu ya maji, na hapo ndipo libeccio, upepo wa kusini-magharibi, unakupiga usoni. Utabiri ukiutaja, ahirisha. Ukitaka Corsica kwa kipande kidogo, panda Porto hadi Piana: kilomita 12 katikati ya miamba myekundu. Baada ya kona tegemea ng'ombe au nguruwe wamelala barabarani.

Na kwa waliozoea kushoto kama Kenya na Tanzania: kosa huja ukishasimama kunywa maji kisha ukaanza tena barabara ikiwa tupu. Kabla ya kupanda baiskeli, iweke kwanza upande wa kulia wa barabara.

PedaliMbili
Asanteni. Nikichagua Bosa, kurudi je?

Mwambao
Lala Bosa. Kesho yake rudi kwa barabara ya SP292 kupitia Villanova Monteleone, ulipo mji wa kujaza maji, mita 560 hivi juu ya bahari. Bahari utaiona tena ukianza kuteremkia Alghero. Tairi za upana wa mm 28, hewa psi 70 kwa kilo zako. Ukijaza 100 mikono itakufa ganzi kabla ya Villanova.