Mtoto ana ADHD: dawa ya hospitali au unga wa Kichina?

Mama Junior: Wakuu habari za jioni. Mwanangu yuko la pili, hatulii hata dakika, daktari kasema ni ADHD, lile tatizo la mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini, kaandika dawa ya methylphenidate. Baba yake anafuata mzigo Guangzhou, huko kaambiwa ipo mitishamba na Wachina wenyewe wanawapa watoto wao, kaja na vifuko vya unga wa kahawia. Nimpe? Ile ya hospitali naambiwa inakata hamu ya kula na usingizi, na mtoto mwenyewe mwembamba.

Mzawa wa Buza: Dada mpe. Dawa mseto ya malaria tunayomeza sote imetoka wapi? Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipekua vitabu vya kale vya Kichina akaukuta mmea wa artemisia, 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Sisi kazi yetu kudharau cha asili.

Mfamasia Mbezi: Mkuu huo mfano unakugeuka. Tu Youyou hakugawa majani kwenye vifuko, alitoa kiini chake kikapimwa, ndo maana leo kidonge kina artemether miligramu 20, Mtwara au Kampala ni ileile. Huu unga nani kaupima? Mitishamba yao ya kutuliza akili ina mizizi ya polygala, ina gamba la kobe, sawa, ila zipo fomula zenye zhusha, yale madini mekundu ya zebaki. Na Ubelgiji miaka ya 90 wanawake walikunywa mitishamba ya Kichina ya kupunguza mwili, kumbe ndani kuna mmea mwingine wenye sumu ya aristolochia, figo zikaharibika. Watu wazima wale, sembuse mtoto wa la pili.

Kamanda Sele: Hiyo ADHD ya wazungu. Sisi tulikuwa watundu kuliko hao, mwalimu anakuchapa unatulia mpaka Ijumaa. Mtoto anakosa fimbo mnamtafutia unga.

Mama Junior: Kamanda hapo umenigusa pabaya. Mwanangu anavaa kiatu kimoja anasahau cha pili kiko mkononi mwake, analia mwenyewe kwa nini hakumbuki. Nimchape kwa lipi?

Binti Pangani: Kaka yangu walimchapa miaka yote ya msingi, hakutulia, aliacha shule tu. Kamanda hao "waliotulia" umewahesabu na walioacha?

Kamanda Sele: Mimi nilichapwa na leo nina familia nina kazi. Nyie mnawalea kama mayai.

Mfamasia Mbezi: Hata sheria ya shule inasema viboko visizidi vinne na mwalimu mkuu aruhusu, we unataka mama achape kila siku?

Mzawa wa Buza: Vinne? Sisi tulikula kumi na hakuna aliyeuliza mwalimu mkuu yuko wapi.

Binti Pangani: Na ndo unajivunia hiyo?

Mfamasia Mbezi: Jamani, unga. Dada usimpe kitu kisicho na lebo, na usichanganye na ya hospitali. Hofu ya chakula mwambie daktari, kuna namna ya kupanga dozi baada ya kula, na uzito wake wawe wanaupima kila kliniki.

Mama Junior: Hajaonja bado. Vifuko havina hata jina la dawa, nimemwambia baba yake apige simu aulize ndani kuna nini, anasema muuzaji kamjibu ni siri ya ukoo wao. Siri ya ukoo wa mtu iingie tumboni kwa mwanangu, siwezi. Ila Kamanda sijamalizana na wewe. Umewahi kulala na mtoto wa hivi nyumba moja hata usiku mmoja?