"HAPA NDO DODOMA, MAMA. UMEFIKA." Konda, huyo ni mama yangu!

Wakuu, saa hizi ni saa nane usiku. Mama kalala chumba cha pili na blanketi mbili na bado anatetemeka, mimi usingizi sina. Nikinyamaza nitapasuka.

Basi mnalijua. Konda mnamjua. Sitaji jina, kila anayepita njia ya Morogoro–Dodoma ameshakutana na mdomo wa yule mtu.

Mama kapanda Dumila saa tisa alasiri. Tiketi ya Dodoma, hela kamili, hakupunguziwa hata mia. Anakuja kumwona mjukuu aliyezaliwa Jumatatu. Ana miaka 68 na hajawahi kufika Dodoma maishani mwake. Mkononi jogoo, begani mchele kilo ishirini.

Kufika Kibaigwa mvua inamwagika, basi likagoma. Sawa, chuma ni chuma, hilo sina neno. Konda akaanza kufaulisha abiria kwenye basi jingine. Vijana wakakanyagana wakaingia. Mama na jogoo wake wakawa wa mwisho, nafasi zimeisha. Akauliza kwa adabu, "Mwanangu, na mimi je?" Yule mtu akamjibu: "Mama, tiketi yako imeandikwa Dodoma. Hapa ndo Dodoma. Umefika."

UMEFIKA!

Na mama yangu AKAAMINI. Akashukuru! Kamwambia "asante mwanangu", akashuka kwenye tope na jogoo wake. Hapo ndipo roho inaniuma. Angemtukana ningelala.

Saa mbili napigiwa kwa simu ya kuazima: "Nimefika Dodoma, njoo unichukue." Nikaazima gari, IST ya jirani hapa Ilazo, Dodoma, waipa inayofanya kazi ni moja, tena ya upande wa abiria. Mbio hadi stendi ya Nanenane. Nimezunguka lisaa zima kwenye mvua nikichungulia kila mama mwenye kuku. Nimesalimia mama za watu wa mikoa yote ya Tanzania. Mwisho napiga ile namba, anapokea dada muuza chipsi: "Kaka, huyu mama yuko Kibaigwa, kwenye kibanda changu."

Kibaigwa! Wilaya ya Kongwa! Kilomita mia hivi kutoka hapa! Kwa hesabu ya huyu konda mtu wa Mpwapwa kafika, wa Kondoa kafika, wa Mtera naye avue viatu apumzike.

Ihumwa mpaka Buigiri nimeendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Malori ya Rwanda na Kongo kila likipita linanimwagia bwawa zima. Dodoma tunalilia mvua miezi yote ya ukame, imekuja kushuka yote leo. Mbande sikuiona kabisa, nimeambiwa nimeipita.

Saa tano na nusu ndo namkuta. Kakaa juu ya kiroba cha viazi, dada wa chipsi kamfunika turubai (dada yule Mungu ambariki, hata hela ya chai alikataa). Mchele umelowa umekuwa uji. Mama ananiangalia anatabasamu, ananiambia: "Mji wenu mdogo, lakini watu wake wazuri."

Nimeshindwa kumjibu. Umefika! Mtu mzima anamwambia mama wa mwenzake umefika!

Zabibu Mbichi: Pole sana mkuu. "Mji wenu mdogo" nimecheka hadi mtoto kaamka, nisamehe.

Mtu wa Bahi: Afadhali ya mama yako. Mimi tiketi ya Singida, wakanishusha Manyoni saa sita usiku. "Manyoni si mkoa wa Singida?" Naona walisoma jiografia shule moja.

Fundi Waya: Huna akili mleta uzi. Treni ya SGR ipo, unampandishaje mama mzee basi?

Mleta uzi: SGR inapita Kilosa, haipiti Dumila! Na hata angepanda punda, huyo konda ana haki gani ya kumwambia UMEFIKA?

Dereva Mstaafu: Tiketi unayo? Kalalamike LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Mabasi yana vifaa vya VTS vya kufuatilia safari, wataona lilisimama wapi na saa ngapi. Ila kitaalamu konda hajadanganya, Kibaigwa ni mkoa wa Dodoma.

Mleta uzi: Tiketi ninayo, imelowa ila inasomeka. Na wewe Dereva Mstaafu mama yako akishushwa Kibaigwa utuletee hiyo kitaalamu yako.

Bi Mkubwa: Jogoo yu hai?

Mleta uzi: Yu hai. Yuko jikoni.

Fundi Waya: Jikoni kama mgeni au kama mboga?

Zabibu Mbichi: Mnaongelea konda, mimi naongelea bajaji. Juzi mvua kama hii, Nanenane hadi Ilazo nimetajiwa elfu kumi na tano. Nikauliza unanipeleka na kunirudisha?

Mtu wa Bahi: Elfu kumi na tano ulibahatika. Mimi nakaa Nkuhungu, wakisikia tu jina wanawasha wanaondoka. Wanasema bajaji siyo mtumbwi.

Bi Mkubwa: Nkuhungu mlijenga kwenye njia ya maji wenyewe.

Mtu wa Bahi: Mama, kiwanja nimepimiwa na hati ninayo! Maji ndiyo hayana hati.

Mleta uzi: Jamani, tunaongelea mama yangu. Kashushwa gizani akaambiwa umefika. Nataka anayemjua huyo konda aniambie anapoanzia safari, asubuhi nipo stendi.

Dereva Mstaafu: Mwenye bajaji mimi ninaye mmoja wa uhakika, hata kwenye tope anaingia. Ila Nkuhungu hafiki, anaishia lami.

Zabibu Mbichi: Ilazo anachukua ngapi?