Vifaa vya kushika kwa mikono katika darasa la wanafunzi wenye mahitaji maalumu

Swali: Mwalimu wa darasa la pili, Wete

Assalaam alaykum, walimu wenzangu na wazazi.

Nasomesha darasa la pili katika skuli moja ya hapa Wete. Miongoni mwa wanafunzi wangu wamo wanne ambao, nisipotafuta njia nyengine, watamaliza mwaka bila ya kufaidika: watatu wana ulemavu wa akili, na wa nne ni msichana mwenye uoni hafifu sana, ambaye ndiyo kwanza anaanza kujifunza maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa kupapasa. Mwaka jana tulipokea sanduku la vifaa vya plastiki vya kuhesabia, likakaa limefungwa kabatini kwa miezi kadhaa kwa kuhofia visije vikapotea, jambo ambalo liliniuma sana. Nilipolitoa likazuka tatizo jengine. Mmoja wa watoto hao huhesabu dubu watano wa plastiki bila ya kukosea, lakini nikimwambia aniletee madaftari matano kutoka mezani, hunikusanyia yote yaliyopo. Kwa ninavyoona, dubu amewajua, tano bado hajaijua. Nifanye nini, na ni vifaa gani ninavyoweza kutengeneza mwenyewe?

Jibu: Mwalimu wa elimu mjumuisho, Unguja

Wa alaykum salaam, mwalimu. Hilo ulilolieleza ni la kawaida kwa watoto wenye ulemavu wa akili, kwa kuwa wanalojifunza kwa kitu kimoja na mahali pamoja halihami lenyewe kwenda kwenye kitu chengine. Ni lazima sisi tulihamishe, taratibu na kwa makusudi. Siku unayosomesha tano, mpe komwe tano, kisha vizibo vitano, kisha vijiti vitano, kisha umtume alete madaftari hayo matano, yote katika kipindi kimoja, na mpe kikasha chenye nafasi tano ili kijae pale tu anapofikia idadi. Wiki zikipita, ondoa kikasha.

Jambo la pili ni kutoruka hatua. Jerome Bruner, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba tunalielewa jambo kwa kulitenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama, na wengi wetu tunatoka kwenye kitu na kurukia tarakimu ubaoni. Mwache mtoto apange komwe juu ya karatasi, azizungushie kalamu moja moja kwa mkono wake, aziondoe, ahesabu vile viduara vilivyobaki, na hapo ndipo muandike 5 pembeni. Mimi hutumia pia bao, maana mtoto analijua kutoka barazani kwao na mkono wake tayari umezoea kuokota kete na kuzigawa shimo kwa shimo.

Jibu: Mzazi, Mkoani

Mwalimu, naomba niseme ya nyumbani. Mwanangu ana ulemavu wa akili na sasa ana miaka 11. Msimu wa karafuu tulikuwa tukimweka kando asije akatuharibia kazi, mpaka bibi yake alipomkalisha jamvini na kumpa shada moja akachambue: karafuu huku, makonyo kule. Siku za mwanzo alikuwa akivunja vichwa vya karafuu kwa kubana kwa nguvu, lakini kabla msimu haujamalizika vidole vyake vilijua kiasi cha kubana, na mwalimu wake akaniambia kuwa hata kalamu anaishika vyengine. Baadaye tulimpa pishi na kibaba, akawa anajaza mchele na kumimina, na kwamba vibaba vinne ndivyo pishi moja alikijua kwa mikono kabla ya kukisema kwa mdomo. Nakuomba uwaulize wazazi wa watoto hao wanafanya nini majumbani mwao, kwani huenda mtoto anajua kitu ambacho skuli haijakiona.

Jibu: Mwalimu wa wanafunzi wasioona, Chake Chake

Kuhusu msichana wako, tafuta trei ya mayai ya karatasi, ile ya mayai 30. Ukate vipande vya nafasi sita, mbili kwa upana na tatu kwa urefu, na trei moja itakupa vipande vitano, kila kimoja kikiwa mfano mkubwa wa seli ya nukta nundu, yaani nafasi ya nukta sita inayobeba herufi moja. Ndimu moja juu kushoto ni A. Ongeza ya pili chini yake, ni B. Ongeza ya tatu, ni L. Apapase kwa mikono miwili mpaka umbo limkae, ndipo umpe karatasi yenye nukta zenyewe. Tahadhari moja: atakapoanza kuandika kwa kibao na sindano atatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, na herufi itasomeka karatasi ikigeuzwa, kwa hiyo usichanganye kusoma na kuandika katika wiki za mwanzo.

Juu ya bao sikubaliani kikamilifu na mwalimu mwenzangu. Kwa kuhesabu moja moja linafaa sana, lakini kila mstari wake una mashimo manane, nasi tunataka mtoto aione kumi. Trei ile ile ukiikata safu mbili za nafasi tano tano, unapata vipande vitatu vya nafasi kumi kumi.

Mwalimu wa darasa la pili, Wete

Nimeshukuru mno, na mzazi wa Mkoani amenifungua macho. Limebaki moja: mtoto wangu mmoja hutia kila kitu mdomoni.

Mwalimu wa elimu mjumuisho, Unguja

Huyo usimpe komwe wala vizibo kabisa, kwani vinaweza kumkaba. Mpe vifuu vya nazi vilivyosuguliwa kwa msasa, visivyotiwa rangi, na uvioshe kila kipindi kinapomalizika. Na kuhusu lile kabati, weka vifaa vya kila meza katika kikapu chake cha ukili chenye idadi iliyoandikwa, watoto wenyewe wahesabu wakati wa kutoa na wakati wa kurudisha. Kwetu havipotei tangu tulipoanza hivyo, na wale wanaohesabu kwa shida hupata zoezi mara mbili kila siku.