Vijana wa kambi za mkonge tunaitwa wavivu. Kazi tufanye, tulale wapi?

Wakuu, leo acha niseme. Kila kiongozi akifika huku Korogwe wimbo ni ule ule: vijana hawataki kazi ya mkonge, wanakimbilia Dar kuendesha bodaboda. Haya, aje alale kambini kwetu usiku mmoja wa masika, asubuhi ndio atuhubirie.

Nyumba hizi walijengewa manamba, wazee wetu waliosombwa kutoka Kigoma, Songea mpaka Burundi. Vyumba vimeunganishwa kama mabehewa, familia nzima chumba kimoja, bati zimetoboka, choo ni cha pamoja na kimejaa. Mkoloni akaondoka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, miaka ya 1990 wakaja wawekezaji. Nyumba zile zile!

Na nyumba inakwenda na kazi. Ukiumia au ukizeeka, unaambiwa pisha. Kuna wazee wamekata mkonge tangu ujana wao, wamezika wazazi na wake zao hapa hapa, na hawana kiwanja hata cha kusimika nguzo nne. Wahamie wapi na shamba limetuzunguka pande zote? Ukipanga tofali tu, mlinzi huyo.

Kazi yenyewe kibarua. Miiba inachoma, maji ya mkonge yanawasha mwili mzima, na korona (mashine ya kuchakata mkonge) ikiharibika mnakaa bila senti mpaka itengenezwe.

Eti tukachukue mikopo ya halmashauri, ile inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba. Tukaunda kikundi, tufuge kuku. Swali la kwanza: banda mtajenga wapi? Tukatazamana. Habari ya kuku ikaishia pale.

Halafu ng'ambo ya barabara kuna pori, mkonge ulikufa zamani, nyani wanajitawala (wao hawadaiwi hati). Serikali imewahi kufuta hati za mashamba yaliyotelekezwa mkoani Tanga na wananchi wakagawiwa, kwa hiyo asije mtu hapa kusema haiwezekani. Hatutaki shamba zima. Kila kaya ipimiwe kiwanja. Mkonge tutaukata, hiyo kazi tunaijua kuliko wanaotusema, ila tuukate tukitokea kwetu, si kwa hofu ya kutupiwa vyombo nje.

Wanasheria mliomo humu: mtu aliyeishi kambini miaka 40 akiambiwa ahame, ana haki gani? Na ombi la kumegewa ardhi tulianzishe mkutano mkuu wa kijiji au twende moja kwa moja ofisi ya ardhi ya wilaya? "Poleni" tumeshapewa za kutosha, nataka majibu.